Maji katika papaini

Wenye kupita njia za Beni na Butembo wanajua mipapai ile yenye matunda ya kuchorwa mistari. Asubuhi mapema mkulima anakwaruza ngozi ya tunda bichi, utomvu mweupe unatiririka, kisha unakaushwa na kusagwa. Unga wake ni papaini. Unauzwa ngambo kwa kulainisha nyama, kwa kusafisha bia na kwa kutengeneza dawa. Kilo tano za utomvu zinaacha karibu kilo moja tu. Lakini mbona magunia mawili yenye uzito mmoja yanapata bei mbili?

Sababu mnunuzi anapima pia nguvu, na nguvu inatoka katika umbo. Papaini ni proteini, ni mnyororo wa asidi amino 212. Pahali pamoja umesokotwa kama kamba, pahali pengine umelala kama nyuzi za mkeka. Mwaka 1968 wataalamu wa Groningen, Uholanzi, walionyesha kwa mionzi ya X ya kuwa una sehemu mbili, na bonde katikati. Ndani ya bonde mna salfa ya kiungo cha 25, nayo inasaidia kukata nyama. Bonde likiharibika, unga ni unga bure.

Maji yanasaidia kushika umbo hilo. Yakiondoka, proteini inajishika yenyewe kwa yenyewe. Tunajuaje? Kwa sipektroskopi ya infraredi, yaani mwanga usioonekana, kama ule unaotoka katika makaa. Ukipita katika unga, kamba inameza mwanga karibu na namba 1655 (ndiyo hesabu ya mawimbi katika sentimeta moja), mkeka karibu na 1630. Kuna matata: maji yenyewe yanameza karibu na 1645, katikati kabisa! Kwa hiyo wataalamu wanatumia mara nyingi maji mazito, yenye deuteri. Wameona ya kuwa proteini nyingi zikikaushwa alama ya kamba inapungua, ya mkeka inaongezeka. Zikirudishwa majini, nyingi zinapata tena umbo la kwanza.

Basi kukausha si kuua. Lizozimu ya yai inaanza kazi maji yakifika gramu 0.2 kwa gramu moja ya proteini. Chini ya hapo inalala. Ndivyo tunavyotaka gunia lifanye: papaini ilale. Ikibaki na unyevu, papaini zinakatana zenyewe, na hewa inashika salfa ya bonde. Lakini moto mkali, utomvu ukiwa bado maji, unafungua mnyororo, nao unasongana kama yai la kuchemshwa, haurudi tena. Kwa hiyo tanuru ya digri 50 ao 55 inafaa kuliko moto wa haraka. Utomvu usiwekwe katika chombo cha chuma, maana chuma kinaupaka weusi na kuuondolea nguvu. Ukikauka, ufungwe upesi, mvua ya alasiri isiukute wazi.