Mpako wa wagonjwa

Mpako wa wagonjwa ni ibada ya Kikristo ambayo mgonjwa anaombewa na kupakwa mafuta matakatifu ili apate faraja, nguvu na msamaha anapopita katika hofu na udhaifu wa mwili. Katika Kanisa Katoliki na Makanisa ya Waorthodoksi ibada hiyo ni mojawapo kati ya sakramenti saba. Kwa karne nyingi Wakatoliki waliiita "mpako wa mwisho", na jina hilo bado linawafanya wengi waiogope badala ya kuitafuta.

Misingi katika Biblia

Katika nchi za Mediteranea ya kale mafuta ya zeituni yalikuwa chakula, taa na dawa. Katika mfano wa Msamaria mwema (Injili ya Luka 10), mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi anatibiwa majeraha yake kwa mafuta na divai. Injili ya Marko 6:13 inasimulia kuwa Mitume kumi na wawili, walipotumwa na Yesu, waliwapaka mafuta wagonjwa wengi na kuwaponya.

Andiko linalotegemewa zaidi ni Waraka wa Yakobo 5:14-15. Humo Mkristo aliye mgonjwa anaelekezwa awaite wazee wa Kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Waraka unaahidi kwamba sala ya imani itamwokoa, Bwana atamwinua, na akiwa ametenda dhambi atasamehewa. Vitenzi vya Kigiriki vilivyotumika hapo, "kuokoa" na "kuinua", katika Agano Jipya vinahusu pengine uponyaji wa mwili na pengine wokovu na ufufuko. Ndiyo sababu Kanisa halikuwahi kufundisha kwamba kila anayepakwa mafuta atapona maradhi yake, wala kwamba asiyepona amekosa imani.

Inafaa kuangalia pia nani anayemwita mwingine. Yakobo anamtaka mgonjwa mwenyewe awaite wazee. Kwa hiyo anamfikiria mtu aliye na akili timamu na anayeweza kusema, si lazima mtu anayekata roho.

Historia

Katika karne za kwanza askofu alibariki mafuta, na waamini waliweza kuyachukua nyumbani. Barua ya Papa Inosenti I kwa askofu Decentius wa Gubbio, ya mwaka 416, inaonyesha kuwa si mapadri tu, bali Wakristo wote waliweza kuyatumia kwa shida zao na za jamaa zao. Sala ya kubariki mafuta kwa ajili ya wagonjwa imehifadhiwa pia kati ya zile za askofu Serapioni wa Thmuis, nchini Misri, katika karne ya 4.

Kuanzia karne ya 8 na ya 9, huko Ulaya magharibi, upakaji uliachiwa mapadri na kuunganishwa na kitubio cha mtu aliye karibu kufa. Kwa kuwa wengi waliahirisha kitubio mpaka mwisho wa maisha, mpako nao ulisogezwa hadi saa ya mwisho. Mwaka 1439 Mtaguso wa Firenze ulisema usitolewe isipokuwa kwa mgonjwa anayehofiwa kufa. Mwaka 1551 Mtaguso wa Trento ulithibitisha kwamba ni sakramenti halisi, ukisema inawahusu wagonjwa, hasa walio katika hatari kubwa.

Martin Luther (1520) na baadaye Yohane Calvin walikataa kuiita sakramenti. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549 kilikuwa bado na upakaji wa wagonjwa, lakini toleo la mwaka 1552 liliuondoa. Katika karne ya 20 Waanglikana wengi waliurudia.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia (1963), ulisema jina linalofaa zaidi ni "mpako wa wagonjwa", kwa kuwa sakramenti hiyo si ya wale tu walio katika hatua ya mwisho. Tarehe 30 Novemba 1972 Papa Paulo VI alitoa hati iliyorekebisha ibada yenyewe. Tangu hapo mgonjwa anapakwa kwenye paji la uso na mikononi tu, wakati zamani zilipakwa sehemu nyingi za mwili. Tena, mahali ambapo mafuta ya zeituni hayapatikani kwa urahisi, yanaruhusiwa mafuta mengine yatokanayo na mimea.

Nani anaweza kupakwa

Kadiri ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, anayestahili ni mwamini aliyefikia umri wa kutumia akili ambaye ameanza kuwa hatarini kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Kwa hiyo wanaweza kupakwa:
- mwenye ugonjwa mzito;
- anayesubiri upasuaji kwa sababu ya ugonjwa wa hatari;
- mzee ambaye nguvu zake zimepungua sana, hata kama hana ugonjwa mkubwa;
- mtoto mgonjwa mwenye akili ya kutosha kuelewa anachopewa;
- aliyepoteza fahamu, ikiwa inaaminika kwamba angeomba kama angekuwa nazo.

Mgonjwa akipona kisha akaugua tena, au hali yake ikizidi kuwa mbaya, anaweza kupakwa tena. Katika Kanisa Katoliki wanaoweza kutoa sakramenti hiyo ni askofu na padri tu. Shemasi au katekista anaweza kumwombea mgonjwa, na akiruhusiwa anampelekea Komunyo, lakini hawezi kumpa sakramenti ya mpako.

Adhimisho

Kwa kawaida mafuta yanabarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma ya Juma Kuu. Dharura ikitokea, padri anaweza kuyabariki palepale. Ibada inaweza kufanyika nyumbani, hospitalini au kanisani. Mgonjwa akitaka, kwanza anaungama dhambi zake. Linasomwa Neno la Mungu, padri anamwekea mikono kichwani kimyakimya, kisha anampaka mafuta akisali. Mara nyingi inafuata Komunyo. Kwa anayekaribia kufa, sakramenti ya mwisho ni Komunyo hiyo, kama masurufu ya safari, wala si mpako.

Kwa Waorthodoksi ibada kamili inaongozwa na mapadri saba, ikiwa na masomo saba ya nyaraka, masomo saba ya Injili na upakaji mara saba, ingawa mara nyingi inaongozwa na padri mmoja. Katika parokia nyingi waamini wote hupakwa Jumatano ya Juma Kuu. Walutheri huwaombea wagonjwa kwa kuwawekea mikono, na Wapentekoste wengi huwaombea kwa mafuta bila kuiita sakramenti.

Faraja inayotarajiwa

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataja matunda ya sakramenti hiyo: faraja, amani na moyo wa kushinda hofu, kuunganika na mateso ya Kristo, msamaha wa dhambi, na hata afya ya mwili, ikiwa inafaa kwa wokovu wa mgonjwa. Mpako haushiki nafasi ya tiba. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinamwagiza mgonjwa asali, na pia amwachie nafasi daktari, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu.

Woga wa kumwita padri

Katika familia nyingi padri anaitwa mgonjwa akiwa hajitambui tena, kwa kuogopa kwamba akimwona ataelewa kuwa anakufa. Matokeo yake, aliyehitaji faraja anakosa nafasi ya kuungama, kuuliza maswali yake na kusali pamoja na jamaa zake. Afrika Mashariki jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizihimiza tangu miaka ya 1970, zinasaidia kwa kuwatembelea wagonjwa na kumpasha padri habari mapema. Katika maparokia mengi wagonjwa na wazee hupakwa pamoja wakati wa Misa, hasa tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992 na kuadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993. Anayepakwa hivyo hurudi nyumbani kwa miguu yake, na majirani huona kwamba mpako ni kwa ajili ya walio hai.