Kuizuia Sonona Isirudi: Nafasi ya Tafakuri ya Uzingativu

Sonona, yaani ugonjwa unaomnyang'anya mtu furaha, usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kufanya kazi kwa wiki au miezi mfululizo, ina tabia moja isiyozungumzwa sana, nayo ni kurudi. Takriban nusu ya watu wanaopona baada ya kuugua mara ya kwanza huja kuugua tena, na kila inaporudi huongeza uwezekano wa kurudi mara nyingine. Tena, mara ya kwanza aghalabu huwa na chanzo kinachoonekana, kama vile msiba, talaka au kupoteza kazi, lakini kwa aliyekwisha kuugua mara tatu au nne huzuni ndogo tu ya siku moja yaweza kutosha kuufungua mlango ule ule. Kwa hiyo mgonjwa aliyepona hukabiliwa na swali zito kuliko la kupona kwenyewe: atafanya nini ili asirudi alikotoka?

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza ieleweke jinsi huzuni inavyogeuka kuwa ugonjwa. Waswahili husema kwamba mtu "ana mawazo", wakimaanisha kwamba hana raha, na usemi huo una ukweli mkubwa, kwa kuwa sonona hukaa katika mawazo na hujilisha kwa mawazo. Moyo unapoingia huzuni, akili huanza kujiuliza kwa nini hali iko hivyo, kosa ni la nani na mambo yatakwisha vipi, kisha huyarudia maswali hayo bila kupata jibu, kama ng'ombe anavyocheua majani aliyokwisha kuyameza. Mtu hudhani kwamba anatafuta ufumbuzi, kumbe kucheua huko ndiko kunakomzamisha, kwa sababu kila mzunguko huibua kumbukumbu nyingine za kushindwa, nazo huiongeza huzuni iliyouanzisha mzunguko wenyewe. Kwa aliyewahi kuugua, njia hiyo imekwisha kukanyagwa mara nyingi, na akili huifuata haraka mno.

Wanasaikolojia watatu, Zindel Segal wa Kanada pamoja na Mark Williams na John Teasdale wa Uingereza, walikuwa wakitafuta namna ya kuuvunja mzunguko huo walipoikuta kazi ya Jon Kabat-Zinn. Huyu alikuwa ameanzisha mwaka 1979, katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya wiki 8 kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo. Mafunzo hayo yalijengwa juu ya uzingativu, yaani kuielekeza akili kwa makusudi kwenye jambo linalotokea sasa hivi bila kulihukumu kuwa jema au baya. Asili ya zoezi hilo ni mapokeo ya Kibudha, lakini katika matibabu hufundishwa bila ibada wala imani yoyote, na mwenye dini yake hatakiwi kuiacha sala yake ili alifanye. Wataalamu hao watatu waliliunganisha na tiba ya utambuzi, ambayo ni tiba ya mazungumzo inayochunguza uhusiano kati ya mawazo na hisia.

Somo la kwanza huanza na zabibu kavu moja. Kila mwanafunzi huiweka kiganjani na kuitazama kama mtu ambaye hajawahi kuona kitu cha aina hiyo: mikunjo yake, rangi yake inavyobadilika mwanga unapoipiga, ulaini wake inapobonyezwa kwa vidole viwili. Huinusa, kisha huiweka juu ya ulimi bila kuitafuna, akaona jinsi mate yanavyoujaza mdomo, na ndipo anapoiuma taratibu na kuufuata utamu wake mpaka anapomeza. Wengi hugundua kwamba wamekula zabibu maisha yao yote pasipo kuionja hata moja, kwa kuwa mwili ulikuwa mezani na akili ilikuwa kwingine. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo ambamo kucheua mawazo huingia bila hodi. Baadaye huja mazoezi marefu zaidi, likiwamo la kulala chali kwa takriban dakika 40 na kuipitia kwa akili sehemu moja moja ya mwili, kuanzia vidole vya mguu hadi utosini. Akili itapotea, nayo hurudishwa. Itapotea tena, nayo hurudishwa bila mtu kujilaumu. Anayedhani kwamba ameshindwa kwa sababu akili yake imetangatanga hajalielewa zoezi, kwani kule kugundua kwamba imetangatanga na kuirudisha kwa upole ndiko kujifunza kwenyewe.

Zoezi jingine huwataka wanafunzi wafikirie kwamba wanapita barabarani, wakamwona mtu wanayemfahamu upande wa pili na kumpungia mkono, naye akapita bila kuitikia. Mmoja husema moyoni, "Nimemkosea nini?" Mwingine husema, "Hakuniona." Tukio ni lile lile, lakini wa kwanza ataondoka na uchungu na wa pili ataendelea na safari yake. Hapo ndipo kiini cha tiba hii kilipo, na ndipo inapoeleweka vibaya mara nyingi: haimfundishi mtu kuyafukuza mawazo mabaya wala kuweka mazuri mahali pake, bali humfundisha kuliona wazo kuwa ni wazo tu. Kati ya kusema "mimi si kitu" na kutambua kwamba "limenijia wazo kuwa mimi si kitu" kuna hatua moja fupi, na kwa mtu anayeanza kuteleza hatua hiyo ni kubwa sana.

Matokeo yake yamepimwa. Utafiti wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2000, uliwahusisha watu 145 waliokuwa wamepona. Miongoni mwa waliokuwa wameugua mara tatu au zaidi, asilimia 66 ya waliopata huduma ya kawaida pekee waliugua tena katika muda wa zaidi kidogo ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 37 ya waliopata mafunzo hayo pia. Kwa waliougua mara mbili tu haikuonekana faida, jambo linaloashiria kwamba tiba hii huwafaa zaidi wale ambao mzunguko wa mawazo umekwisha kuota mizizi. Mwaka 2015 utafiti mwingine wa Uingereza, wenye watu 424, uliyalinganisha mafunzo hayo na kuendelea kumeza dawa za sonona kwa miaka miwili: walioangukia tena ugonjwa walikuwa asilimia 44 kwa mafunzo na asilimia 47 kwa dawa, tofauti ndogo isiyotosha kusema kwamba njia moja imeishinda nyingine.

Takwimu hizo hazimruhusu mtu yeyote kutupa dawa zake, na wanaoinadi tafakuri kama dawa ya kila ugonjwa wanawadhulumu wagonjwa. Watafiti waliilenga kwanza kwa waliopata nafuu, kwa sababu aliyezama katika sonona kali huwa hana nguvu ya kuituliza akili, na kumlaza kimya pamoja na mawazo yake pasipo msimamizi kwaweza kumzidishia mateso. Anayefikiria kujiua anahitaji daktari na watu wa kukaa naye siku hiyo hiyo. Dawa nazo hupunguzwa au kuachwa kwa makubaliano na daktari, hatua kwa hatua.

Mafunzo yanapokaribia mwisho, kila mwanafunzi huandika dalili zake mwenyewe zinazotangulia ugonjwa, kwa kuwa hazifanani kwa watu wote: mmoja huanza kuamka saa kumi usiku, mwingine huacha kupokea simu za ndugu zake, mwingine huacha vyombo bila kuoshwa siku tatu. Chini ya dalili hizo huandika atakachofanya atakapoziona, kuanzia dakika tatu za kuketi na kufuata pumzi hadi kumwita mtu fulani wa nyumbani au kwenda kliniki. Karatasi hiyo huandikwa akiwa mzima, na nakala yake yaweza kukabidhiwa mke, mume au dada, ambaye mara nyingi huziona dalili kabla ya mgonjwa mwenyewe.