Mavazi ya Heshima ya Ufalme wa China na Namna ya Kuyasoma

Mwenye kuanza kukusanya nguo za kale za heshima za Kichina, yaani majoho ya barazani, vitambaa vya vyeo, mapambo ya madhabahu na mavazi ya makuhani, aghalabu hutekwa kwanza na mng'aro wa hariri na wingi wa zari, wala hapana lawama jicho kupenda kilicho kizuri. Lakini nguo hizi zilishonwa kwa kufuata amri ya dola na kaida za ibada, karibu kila nakshi ikiwa na maana yake, na kwa hiyo hatuna budi kuzisoma kama tusomavyo hati, la sivyo tutauziwa vazi la jukwaani kwa bei ya vazi la kasri.

Nasaba ya Qing, iliyotawala China tangu mwaka 1644 hadi mfalme wake wa mwisho alipojiuzulu mwezi wa Februari 1912, ilikuwa nasaba ya Wamanchu, watu wa kaskazini waliozoea farasi na baridi, na ijapokuwa walirithi hariri na majoka ya wafalme waliowatangulia, hawakukubali kuliacha umbo la mavazi ya wazee wao: joho lao hufungwa ubavuni kulia, mikono yake ni myembamba na huishia kwa kifuniko chenye umbo la kwato ya farasi, kinachositiri mgongo wa kiganja, na upande wa chini hupasuliwa, la mwanamume mbele na nyuma ili aweze kupanda farasi, la mwanamke pande mbili. Mwaka 1759 mfalme Qianlong aliamuru ziandikwe na kuchorwa kanuni zote za mavazi na vyombo vya ibada na baraza, na mwaka 1766 kanuni hizo zikatiwa nguvu. Ikabainika humo nani avae manjano ang'avu, nani avae buluu, joka la nani liwe na makucha matano na la nani manne, na kwamba alama 12 za kale za mamlaka, miongoni mwao jua, mwezi, nyota, mlima, moto na shoka, zihifadhiwe kwa mfalme. Joho kamili la majoka lina majoka 9: moja kifuani, moja mgongoni, mawili mabegani, manne upande wa chini, na la tisa limefichwa ndani, chini ya ubavu unaofunikwa na mwenziwe, hata mtu akilitazama joho kwa mbele au kwa nyuma huona majoka 5. Mnunuzi akiambiwa kwamba joho ni zima, na aufunue ubavu huo alitafute joka la tisa, kwa kuwa mara nyingi ndilo lililokatwa ili kupata kitambaa cha kuziba tundu mahali pengine.

Kwa mwenye fedha ya kadiri, mlango mwema wa kuingilia ni kitambaa cha cheo, ambacho Wachina hukiita buzi, mraba wa karibu sentimita 30 uliovaliwa kifuani na mgongoni juu ya koti la nje la rangi ya giza. Desturi hii ni ya nasaba ya Ming iliyoitangulia Qing, nayo iliiwekea kanuni mwaka 1391: maofisa wa kalamu hupewa ndege, korongo kwa daraja ya kwanza, tausi kwa ya tatu, bata bukini kwa ya nne, na maofisa wa upanga hupewa wanyama, simba, chui, dubu na wenzao. Chini ya Qing koti la nje lilifunguka mbele, kwa hiyo kitambaa cha kifuani ni vipande viwili vinavyokutana katikati, na cha mgongoni ni kizima. Dola ilitoa cheo, haikutoa kitambaa. Kila ofisa alijinunulia mwenyewe kwa kadiri ya mfuko wake, na ndiyo sababu korongo wawili wa daraja moja na wa zama moja wanaweza kutofautiana kwa uzuri kama usiku na mchana.

Chukua kitambaa kimoja cha mwisho wa karne ya 19 ukikague kwa kioo cha kukuzia. Mawingu, mawimbi na mwamba uliosimama baharini vimedariziwa papo hapo juu ya atlasi. Lakini ndege na jua havikudariziwa hapo, bali vilifanywa kando, vikakatwa, kisha vikashonewa juu kwa mishono midogo ambayo ukucha huigundua kabla ya jicho. Wakati ule vyeo viliuzwa kwa fedha, watu wakapanda madaraja kwa haraka, na aliyepanda alibandua ndege wake akabandika mwingine pasipo kununua kitambaa kipya. Jua lile ni mfalme, na ndege humwelekea. Mke naye alivaa cheo cha mumewe, lakini ndege wake alielekea upande wa pili, ili wawili hao wakiketi pamoja katika sherehe ndege wao watazamane; basi mkusanyaji aliyepata vitambaa viwili vya daraja moja vilivyogeukiana asidhani kuwa kimoja kimekosewa.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi wa mwambao. Mwaka 1415 mfalme Yongle wa Ming alipokea twiga aliyetoka Malindi, na watu wa baraza yake wakamtambua kuwa ni qilin, mnyama wa kheri wa masimulizi yao anayesemwa kuwa hudhihiri pale tu mfalme anapotawala kwa uadilifu. Qilin huyo huyo ndiye anayeonekana katika kitambaa cha maofisa wa upanga wa daraja ya kwanza chini ya Qing, ila msomaji asitarajie kumwona twiga: mdarizi alimfuata mnyama wa masimulizi, mwenye magamba, pembe na kwato, akizungukwa na miali ya moto.

Kujua umri wa nguo ni kazi ngumu zaidi, na dalili moja haitoshi. Tazama pindo la joho la majoka, penye mistari ya rangi iliyolala mshazari, ambayo ni vilindi vya bahari: katika karne ya 18 mistari hiyo ilikuwa mifupi, na mawimbi juu yake yalipewa nafasi kubwa, lakini kadiri karne ya 19 ilivyosonga mbele mistari ikarefuka, ikapanda na kunyooka, na uwanda uliobaki ukasongwa na popo, mawingu na alama za baraka hata majoka yenyewe yakapungua kimo. Tazama rangi pia. Zambarau kali inayopiga kelele mbele ya rangi nyingine aghalabu ni rangi ya viwandani, ambayo Mwingereza William Perkin aliivumbua mwaka 1856 na ambayo, pamoja na ndugu zake, ilienea China katika miongo ya mwisho ya karne hiyo. Walakini uzi mmoja wa rangi hiyo mahali palipotiliwa kiraka hauthibitishi ila umri wa kiraka.

Geuza nguo uone upande wa bitana, ikiwa bitana imeachia, maana mgongo wa nguo hausemi uongo kama uso wake. Zari ya Kichina kwa desturi ni utepe wa karatasi iliyopakwa dhahabu, uliozungushwa juu ya uzi wa hariri; haupitishwi ndani ya kitambaa kwa sindano, hulazwa juu yake na kushikizwa kwa uzi mwembamba, nao ukipotea huacha alama za mishono ile midogo kwa safu. Juu ya darizi zote mimi hupandisha mfumo uitwao kesi, ambao picha yake haikushonwa bali imefumwa: mtande ni mmoja, lakini mshindo wa kila rangi huenda na kurudi ndani ya mpaka wa rangi yake tu, na palipokutana rangi mbili pakabaki ufa. Kiinue kitambaa cha kesi mbele ya dirisha, na nuru itapenya katika nyufa hizo, hata ukucha wa joka utaonekana umechorwa kwa mwanga. Wafumaji wa siku za mwisho, wakitaka kupunguza kazi, walimaliza mambo madogo kwa rangi na brashi, na jambo hilo halina budi kushusha bei.

Mavazi ya tamthilia ndiyo yanayowapoteza wengi. Yana majoka, yana dhahabu, lakini hufuata umbo la mavazi ya Ming, mapana, yenye ukosi wa mviringo na kitambaa cheupe kirefu kinachoning'inia mikononi, na darizi yake ni kubwa ili ionekane na aliyeketi mbali. Ni nguo za fahari zinazostahiki mkusanyaji wake. Kosa ni la anayeziita za mfalme.

Baada ya 1912 jamaa zilizokuwa na vyeo ziliuza masanduku yao, na hata makaburi hayakusalimika: majoho ya mwanamfalme Guo, aliyefariki mwaka 1738 naye ni mwana wa mfalme Kangxi, yaliibwa kaburini mwake na kufika Marekani katika miaka ya 1930, ambako mengine yamo katika jumba la Nelson-Atkins mjini Kansas City. Wataalamu huyategemea kwa sababu umri wake unajulikana na ni wa kabla ya kanuni za 1766, na huzuni ya jinsi yalivyopatikana haiondoki kwa faida hiyo. Msiba mwingine ni wa mkasi. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani walikata vifuniko vya kwato ili joho lifae kuwa koti la jioni, wakatenga tepe za mikono zikatiwa fremu, wakafanya mito na mikoba. Watibeti nao waliyashona upya majoho waliyopata, lakini waliyavaa kwa heshima na kuyatundika hekaluni, na kwa mikono yao tumehifadhiwa hariri za Ming ambazo China kwenyewe ni adimu. Picha moja ya ibada ya Kitibeti iliyodariziwa zama za Yongle iliuzwa katika mnada wa Hong Kong mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 45 za Marekani, na tangu hapo wauzaji wengi wameyapandisha matumaini yao kupita kiasi.

Aliyekwisha kununua na alilaze joho lake lote, au alizungushe juu ya bomba pana lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, asilikunje. Hariri huuawa na nuru pole pole: majumba ya makumbusho huiangazia kwa mwanga usiozidi luksi 50, na baada ya miezi michache huirudisha gizani. Mazoea yetu mema ya kufukiza nguo kwa udi yasifike hapa, kwani moshi huacha mafuta yasiyotoka, na wala asijaribu kufua, hata kwa maji matupu.

Sheria ya China, kwa kanuni ya mwaka 2007, hairuhusu vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1911 kutolewa nchini, kwa hiyo silsila ya umiliki ni sehemu ya thamani ya nguo sawa na zari yake. Muulize muuzaji joho lilitoka China lini na likapita mikononi mwa nani, na akishindwa kukuonyesha hati, mwachie joho lake.