Mchezo wa Kuvamiana na Mwamuzi Wake

Mzazi mmoja alifika ofisini petu akiwa na shauri lililomkosesha usingizi. "Ndugu Mhariri," alisema, "kijana wangu haonekani tena uwanjani. Yeye na wenzake watatu wanatunga mchezo wa kompyuta, na katika mchezo huo kila mmoja anajitahidi kuingia katika himaya ya mwenzake na kuivuruga. Je, huu si mwanzo wa wizi?" Tulimwahidi kwamba tutamjibu katika safu hii, maana swali lake ni la wazazi wengi, nalo halijibiki kwa kutikisa kichwa tu.

Yafaa kwanza ijulikane kwamba mchezo wa namna hiyo si uzushi wa vijana wa leo. Mwezi wa Agosti mwaka 1961, katika maabara za Bell nchini Marekani, wataalamu watatu, Victor Vyssotsky, Robert Morris na Douglas McIlroy, walibuni mchezo walioupa jina la Darwin. Waliuchezea katika kompyuta ya IBM 7090, mashine ya kujaza chumba, ambayo saa moja ya kazi yake iligharimu fedha nyingi. Mchezaji hakushika kitufe chochote wakati wa pambano. Kazi yake ilikuwa kuandika programu fupi, kuitia ulingoni, kisha kukaa kando na kutazama inavyopigana na programu za wenzake.

Ulingo huo ulikuwa ni sehemu iliyotengwa ya kumbukumbu ya kompyuta, na juu yake aliwekwa mwamuzi, ambaye naye ni programu. Kila mshindani aliruhusiwa kumwomba mwamuzi mambo matatu tu: kupapasa mahali fulani ili ajue pana nani, kumuua adui aliyemgundua, na kutwaa nafasi tupu ili aweke nakala yake. Lakini kupapasa kulikuwa na hatari yake. Kila programu ilikuwa na sehemu chache zilizolindwa. Ukizigusa, mwamuzi alikunyang'anya zamu papo hapo akampa yule uliyemgusa, naye akaendelea kucheza mpaka aguse pasipostahili. Kwa hiyo kila hatua ilikuwa kama kunyoosha mkono gizani ndani ya nyumba ya watu.

Mchezo huo ulidumu wiki chache tu. Morris aliandika programu fupi iliyojirekebisha kadiri ilivyokutana na wapinzani, na hakuna mwenzake hata mmoja aliyeweza kuishinda. Basi wakaacha. Hapo pana funzo la kwanza kwa yeyote anayetaka kutunga mchezo wa watu wengi: silaha moja isiyo na kinga huua mchezo kabla haijaua adui. Wachezaji wa bao wanalifahamu jambo hili bila kuhitaji mashine. Kete zingepangwa kwa namna ambayo anayeanza hushinda daima, nani angeketi barazani mpaka magharibi?

Miaka zaidi ya 20 baadaye, mwaka 1984, A. K. Dewdney na mwanafunzi wake D. G. Jones wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, Kanada, walilitengeneza upya wazo hilo wakaliita Core War, yaani vita vya kumbukumbu. Dewdney aliueleza mchezo huo katika jarida la Scientific American mwezi wa Mei mwaka huo, na wasomaji wakaupokea kwa shauku.

Tunakiri kwamba sisi tunaoandika safu hii hatukuuelewa kwa usomaji wa kwanza, hivyo tutaueleza polepole. Chukulia safu ndefu ya vyumba, aghalabu 8,000, iliyopindwa ikawa duara, hata chumba cha mwisho kikapakana na cha kwanza. Kila chumba kina amri moja. Programu mbili huwekwa mahali pawili, wala hakuna inayojua mwenzake yuko wapi. Zinapokezana zamu, amri moja moja. Zimo amri za kunakili, kujumlisha, kulinganisha na kuruka, na imo amri moja ambayo kazi yake ni mauti: anayefika zamu yake akakuta amri hiyo miguuni pake, amekwisha. Shabaha ni kumfikishia mwenzako mauti hayo pale atakapokanyaga.

Programu ndogo kuliko zote katika mchezo huo ina amri moja. Hujinakili katika chumba cha mbele, husogea humo, hujinakili tena, na kuendelea hivyo duara zima. Haiui kwa desturi. Ikimpitia adui humfunika, na adui huyo hugeuka kuwa kama yeye, wakawa wawili wanaofukuzana bila kikomo. Matokeo ni sare. Iko nyingine ya amri nne, inayokaa mahali pamoja na kutupa mabomu mbele yake kwa kuruka vyumba kadhaa kila mara, hesabu ikiwa imepangwa ili bomu likizunguka duara zima lisimwangukie mwenyewe. Mtoto aliyeweza kuipanga hesabu hiyo amejifunza ugawanyo na salio kwa namna ambayo ubao wa darasani ungemchosha.

Kisha wachezaji waligundua uwiano ulioupa mchezo huu umri mrefu. Wapo watupa mabomu, wapo wanaozaana kwa nakala nyingi, na wapo wapelelezi wanaomtafuta adui kwanza ndipo wampige. Mwenye kuzaana humshinda mtupa mabomu, kwa kuwa nakala zake hazimaliziki; mpelelezi aghalabu humshinda mwenye kuzaana; na mtupa mabomu humwahi mpelelezi angali anatafuta. Hakuna mfalme wa kudumu. Mwaka 1986 yalifanyika mashindano ya kwanza ya kimataifa mjini Boston, na kanuni zikarekebishwa mwaka huo, kisha mwaka 1988. Hata leo wapo watu wanaoucheza.

Sasa tumrudie mzazi wetu, maana upo upande wa pili wa habari hii, nao unatoka katika nyumba ya mtu yule yule aliyeshinda mwaka 1961.

Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanawe Robert Morris, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu katika mtandao ulioziunganisha kompyuta za vyuo na taasisi za Marekani. Baba yake wakati huo alikuwa mwanasayansi mkuu katika kituo cha serikali kilichoshughulikia usalama wa kompyuta. Programu ya kijana haikufuta faili lolote. Iliingia katika mashine, ikajinakili, ikatafuta mashine nyingine. Kabla ya kukaa, iliuliza kama nakala nyingine imekwisha tangulia. Lakini kijana aliogopa kwamba wenye mashine wangeweza kuidanganya kwa jibu la ndiyo, akaamuru kwamba mara 1 katika kila 7 ikae tu, liwe liwalo. Kosa la hesabu likawa hapo. Nakala zilirundikana mpaka mashine zikashindwa kufanya kazi. Makadirio ya siku zile yalitaja kompyuta 6,000 kati ya zipatazo 60,000. Mwaka 1990 mahakama ilimtia hatiani, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Baadaye akawa profesa katika chuo cha MIT.

Je, baba na mwana walitofautianaje? Kwa akili hawakutofautiana. Programu zote mbili zilijinakili, zote mbili zilitafuta pa kuingia. Lakini ya baba ilipigana ndani ya ulingo, mbele ya mwamuzi, na wote waliovamiwa walikuwa wamejiandikisha kwa hiari yao. Ya mwana haikuwa na ulingo wala mwamuzi, na waliopatwa hawakuambiwa kwamba kuna mchezo.

Wakubwa nao wamewahi kukosea kwa upande mwingine. Tarehe 1 Machi 1990, maofisa wa idara ya upelelezi ya Marekani walivamia kampuni ya Steve Jackson Games mjini Austin, Texas, wakachukua kompyuta zake pamoja na mswada wa kitabu cha mchezo wa kubuni, unaochezwa kwa kalamu na karatasi, wakidai ni mwongozo wa uhalifu. Kampuni ilikaribia kufilisika. Mwaka 1993 mahakama iliamua ilipwe fidia ya zaidi ya dola 50,000. Hatuna haja ya kulirudia kosa hilo majumbani mwetu kwa kunyang'anya vijana mashine zao.

Tunamshauri basi mzazi huyo asimkataze mwanawe, bali aketi naye amwulize maswali matatu. Ulingo wenu unaanzia wapi na kuishia wapi? Mwamuzi ni nani, na anaweza kusimamisha pambano? Kila anayevamiwa amekubali? Kijana akiyajibu, aachwe afanye kazi. Akibabaika, akumbushwe kwamba Tanzania ilitunga sheria ya makosa ya mtandao mwaka 2015, na Kenya mwaka 2018, na kwamba kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa katika nchi zote mbili, hata kama aliyeingia alikuwa akicheka.

Nayo michezo hiyo imekwisha fika mbali. Mwezi wa Agosti mwaka 2016, huko Las Vegas, kompyuta saba zilishindanishwa bila msaada wa mwanadamu: kila moja itafute nyufa katika programu zake, izizibe, na izitumie nyufa hizo hizo dhidi ya wenzake, mwamuzi akihesabu. Programu iliyoitwa Mayhem iliwatia waandishi wake mfukoni dola milioni 2. Mara baada ya hapo ikaingizwa katika mashindano ya timu za watu, nayo ikashika mkia.