Jua linapochwa nyuma ya bandari



Wageni wanaotutembelea Dar es Salaam mara nyingi huomba wapelekwe ufukweni wakaone jua likizama baharini. Inatubidi tuwaeleze kwamba hapa kwetu bahari iko mashariki. Jua huchomoza baharini na kuchwa nyuma ya jiji, upande wa Kariakoo na Magomeni. Anayetaka kuliona likishuka juu ya maji avuke kwa kivuko kutoka Magogoni hadi Kigamboni, kisha ageuke atazame alikotoka. Mwezi Juni litashukia nyuma ya majengo ya Posta na mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwezi Desemba litakuwa limehamia kusini, upande wa magati ya bandari na kreni zake.

Jioni moja ya Juni tulikuwa Kigamboni na wageni wawili, tukisubiri kivuko cha kurudi mjini baada ya mkutano na kikundi cha akina mama. Jua lilikuwa jekundu kama kaa la moto. Mgeni mmoja akasema bila shaka ni moshi wa jiji unaolipendezesha hivyo, nasi tukaitikia. Baadaye tulipofuatilia jambo hili tuligundua kwamba tulikosea.

Mwanga wa jua una rangi zote ndani yake. Unapopita angani hugongana na chembe ndogo mno za hewa, na chembe hizo hutawanya rangi ya bluu zaidi ya mara tano kuliko nyekundu. Mwingereza Lord Rayleigh alilieleza hili mwaka 1871. Ndiyo maana mchana anga ni la bluu. Jua linapofika kwenye upeo, mwanga wake hupita katika hewa nyingi karibu mara 40 kuliko linapokuwa utosini. Bluu yote huishia njiani, na kinachotufikia ni manjano, chungwa na nyekundu. Hewa safi peke yake yatosha kuifanya kazi hiyo.

Moshi na vumbi vina chembe kubwa zaidi, na chembe kubwa hazichagui rangi. Huzuia mwanga wote na kulifanya anga lififie. Jua hubaki duara jekundu lisilong'aa, na mara nyingine hupotelea katika ukungu wa kijivu kabla halijafika kwenye mapaa. Machweo mazuri kuliko yote hapa bandarini huja baada ya mvua ya masika kuisafisha hewa, mawingu machache yakiwa yamebaki juu. (Wasomaji wengine watatukumbusha volkano ya Krakatoa ya Agosti 1883, iliyotia wekundu machweo ya dunia nzima kwa miezi mingi. Chembe zile zilikuwa ndogo sana, tena zilielea juu kabisa, mbali na pua za watu.)

Moshi wetu uko chini. Hutoka kwenye magari, takataka zinazochomwa na majiko, na upepo wa bahari unapopungua jioni hukaa palepale tunapopumua. Mkaa nao una hila yake: ukishakolea hauonyeshi moshi mwingi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo machweo hayawezi kutuonyesha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani. Mei 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kamati zinazopanga bajeti za vikundi vya akina mama zingefanya vema kuanza na swali la nani anapikia ndani, na mlango ukiwa umefungwa.

Wageni wetu walishangaa pia jinsi giza lilivyoingia upesi. Karibu na ikweta jua hushuka wima. Tangu liguse upeo hadi litoweke ni dakika mbili hivi, na mwanga unaobaki hudumu dakika ishirini na chache tu, wakati London mwezi Juni huzidi arobaini.

Kivuko kilipofika hatukuweza tena kuona minara ng'ambo. Kando ya njia mama lishe mmoja alikuwa akipepea jiko, mtoto mgongoni, na kila alipopepea makaa yaliwaka mekundu, uso wa mtoto ukaonekana, kisha ukapotea tena gizani.