Laminitisi: Ugonjwa wa Kwato za Punda na Matunzo Yake ya Muda Mrefu

Katika vijiji vya Shinyanga, Kahama na Geita, punda hubeba maji, kuni na magunia ya nafaka, na huvuta mikokoteni kwenda mnadani. Thamani yake yote imo katika miguu yake minne. Ugonjwa wowote wa kwato, basi, ni hasara kwa nyumba nzima. Mmojawapo, uitwao kitaalamu laminitisi, huwapata punda na farasi. Na mnyama aliyekwisha kuupata huelekea kuupata tena.

Ili kuuelewa ugonjwa huu yafaa kwanza kuutazama ukwato. Ndani ya gamba gumu mna mfupa wa mwisho wa mguu. Mfupa huo hushikamana na gamba kwa mamia ya mikunjo myembamba, iliyoingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Uzito wa mnyama huning'inia hapo. Mikunjo hiyo ikivimba, gamba haliwezi kutanuka, na maumivu huwa makali. Ikiachana, mfupa hugeuka au kushuka kuelekea wayo.

Chanzo kikubwa hutoka katika chakula. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walionyesha kwamba farasi wadogo wenye afya, wakitiwa insulini nyingi damuni kwa muda mrefu, huugua laminitisi. Insulini hupanda mnyama alapo sukari na wanga, hasa akiwa mnene. Tena wanga ukizidi, hufika katika utumbo mpana bila kusagwa; huko bakteria huugeuza kuwa asidi, na utumbo hudhurika. Asili ya punda ni nchi kame za Afrika, naye ameumbwa kuishi kwa majani makavu. Hivyo debe la pumba au mahindi atolewalo kwa huruma baada ya kazi huweza kumdhuru. Kondo la nyuma likibaki tumboni baada ya kuzaa, nalo huweza kuleta ugonjwa huu.

Punda huficha maumivu. Kwa hiyo dalili zake ni ndogo. Husita kugeuka, hulala zaidi ya kawaida, au huegemeza uzito kwenye miguu ya nyuma. Kwato huwa na joto, na mapigo ya damu nyuma ya kifundo huwa na nguvu. Hapo kazi isimamishwe, mnyama awekwe juu ya mchanga mkavu wenye kina, naye daktari wa mifugo aitwe upesi. Nafaka ziondolewe, lakini punda asinyimwe chakula kabisa: akikaa na njaa, mafuta ya mwilini humiminika katika damu, yakaharibu ini na kuua.

Maumivu yakiisha, matunzo hayaishi. Punda wa kilo 150 asiyefanya kazi hutosheka na kilo 2 hadi 2.7 za chakula kikavu kwa siku, yaani nyasi kavu na mabua yasiyo na ukungu. Mafuta yaliyorundikana shingoni yakiwa magumu, ni onyo. Mvua zinapoanza, asiachiwe ghafla kwenye majani machanga. Kwato zipunguzwe kila baada ya wiki 6 hadi 8 na mtu aliyefunzwa, na mizigo irudishwe kidogo kidogo.

Kazi hii yataka subira, kwa kuwa ukwato wa farasi hukua karibu sentimita moja tu kwa mwezi, na gamba la mbele huchukua miezi 9 hadi 12 kufanywa upya. Wanafunzi wanaweza kulipima jambo hili kwa punda wa jirani: alama ndogo isiyo na kina ichorwe kwa tupa chini ya nywele, kisha umbali wake upimwe kila mwezi na kuandikwa.

Mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliazimia kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, iliyopunguza idadi yao katika nchi nyingi. Lakini azimio hilo haliponyi kwato. Ulinzi wa punda aliyebaki huanzia zizini, kwa mwenye kupima chakula chake na kuinua mguu wake kuutazama.