Kabla ya kusema "wapokonywe leseni"

Uzi. Kila ajali ikimhusisha dereva mzee, au ikisambaa video ya mtu asiye na mguu mmoja akiwa kwenye usukani, mjadala hapa huwa ni uleule. Wengine: "Wapokonywe leseni!" Wengine: "Huo ni ubaguzi!" Halafu mheshimiwa fulani anaahidi kuweka umri wa mwisho wa kuendesha gari, tunampigia makofi ama tunamzomea, kisha tunaenda zetu. Hakuna anayeuliza: huyo dereva alipimwa nini, na nani?

Sheria kwanza, haraka haraka. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa umri na wa ulemavu. Leseni zetu pia zina daraja F, la watu wenye ulemavu. Kwa hivyo kama bado unabishana ati wanaruhusiwa ama la, pole, hilo lilishajibiwa.

Kinachobaki ni vipimo, na wataalamu wapo. Ni watu wa tiba kazi, wale hospitalini tunawaita OT. Wana sheria yao ya usajili tangu 2017. Wao huangalia kama mtu aliyeumia au kuugua anaweza kurudia shughuli zake: kuvaa, kupika, kwenda kazini. Kuendesha gari ni mojawapo.

Tathmini kamili ina sehemu mbili. Ndani ya ofisi wanapima macho, shingo inageuka kiasi gani, nguvu za mikono na miguu, kasi ya kuitikia, kumbukumbu. Kisha barabarani, kwenye gari lenye breki ya pili upande wa mwalimu, OT akiwa kiti cha nyuma anaandika.

Mbona zote mbili? Chukua mtu aliyepata kiharusi. Mkono umerudi, anatembea vizuri, familia inasema baba amepona. Lakini kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kinaweza kuufanya ubongo usijali vitu vya kushoto, na mwenyewe hajui. Ukimuuliza anakwambia anaona kila kitu, na hadanganyi. Sasa kumbuka sisi huendesha upande wa kushoto. Kushoto kwake ndiko kuna watembea kwa miguu, mama wa mboga, na boda boda inayopenya pale isipofaa. Hapo kumtazama tu akitembea hakukuambii kitu.

Kuna upande wa pili pia. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi huenda hajui amekanyaga breki kwa nguvu gani. Akifungiwa vidhibiti vya mkono, tatizo hilo la mguu linaondoka. Aliyepoteza mguu wa kulia anaweza kuwekewa pedali ya mafuta upande wa kushoto kwenye gari la otomatiki, na afundishwe kuizoea. Mzee wa miaka 78 mwenye shingo ngumu huenda anahitaji vioo vikubwa tu, na kuacha safari za usiku. Mwingine wa miaka 55 mwenye dalili za kusahau njia ya nyumbani huenda aache kabisa. Ndiyo maana mimi siungi mkono umri wa mwisho. Ni rahisi kuutangaza jukwaani, lakini ungemwacha huyo wa 55 barabarani na kumtoa huyo wa 78.

Na leseni ni mkate wa watu. Dereva wa teksi akinyang'anywa bila kupimwa, karo imeenda. Akirudishiwa bila kupimwa, abiria wake ndio watakaopimwa.

Basi mgombea akija kwenu na hadithi za usalama barabarani, mwulize haya. Mtihani wa daraja F, kuna OT ndani ya hilo gari? Hospitali ya kaunti yetu ina aliyefunzwa kazi hii? Bima ya afya ya umma inalipia? Na mtu aliyepata kiharusi kule Lodwar, anapimwa wapi, na nauli ni ya nani?